Jina Chini ya Maandishi: Kisa cha Jarida la Cheche

Watu wenye elimu wakikusanywa mahali pamoja hawageuki jumuiya siku ile ile. Huweza kukaa miaka mingi chini ya paa moja, wakala chakula kimoja na kusikiliza mihadhara ile ile, na bado kila mmoja akawa mgeni wa mwenziwe. Hugeuka jumuiya wanapopata desturi ya kusemezana, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa, juu ya mambo yanayowahusu wote. Desturi hiyo ina sura nyingi, lakini neno la mdomo huruka na upepo, na lililoandikwa hukaa. Kwa hiyo atakaye kujua chuo kikuu fulani kilikuwa na uhai kiasi gani katika wakati fulani hana budi kutazama wanafunzi na walimu wake waliandika nini wakasomana. Tena atazame waliandika kwa namna gani, kwa kutaja majina yao au kwa kujificha.

Katika Afrika ya Mashariki hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Dar es Salaam. Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, nje ya mji, mahali panapoitwa Mlimani hata leo. Hewa ya Mlimani ilikuwa nzuri na majengo yake yalipendeza, lakini kupanda kilima kuna hatari yake. Aliye juu huona mbali, na pengine huwasahau walio chini.

Hatari hiyo ilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi walivaa majoho yao wakaandamana kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na miongoni mwa mabango waliyochukua lilikuwamo lililosema kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao kwa mamia. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baada ya miezi michache, tarehe 5 Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi wa mwaka huo walimu na viongozi wa serikali walikutana Mlimani kujadili chuo kiwe na kazi gani katika nchi iliyochagua ujamaa. Swali hilo halikujibiwa likaisha, nalo likawa deni lililomkabili kila aliyeingia chuoni.

Wanafunzi wachache walilichukua deni hilo begani. Mnamo Novemba 1967 waliunda chama kilichojulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, USARF, maana yake muungano wa wanafunzi wa chuo kikuu wa kupigania mapinduzi ya Afrika. Aliyekiongoza ni Yoweri Museveni, kijana wa Uganda aliyekuja kuwa Rais wa nchi yake mwaka 1986. Wanachama wake walitoka katika nchi mbalimbali, na Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa mahali pa kufaa kwa watu wa namna yao. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake mjini humo, na FRELIMO ilikuwa imezaliwa humo mwaka 1962. Vijana hao walisoma vitabu visivyokuwamo katika ratiba ya masomo, wakakutana siku za Jumapili kujifunza siasa, wakawaalika walimu waje kufundisha na kubishana nao.

Kubishana kwa mdomo hakukuwatosha. Mnamo Novemba 1969 lilitoka toleo la kwanza la jarida lao, lililotolewa na USARF pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la hapo chuoni. Waliliita Cheche. Jina hilo lilikuwa na ukoo mrefu: gazeti la Lenin na wenzake lililoanza mwaka 1900 liliitwa Iskra, na huko Accra, katika siku za Kwame Nkrumah, lilikuwako gazeti lililoitwa The Spark, majina yote mawili maana yake ni cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Katika kurasa za toleo hilo la kwanza aliandika pia Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, juu ya kazi ya Mwafrika chini ya ubepari na ubeberu.

Yafaa kutazama jarida la namna hiyo lilivyotengenezwa, maana taabu ya kazi ni sehemu ya maana yake. Maneno yalipigwa taipu juu ya karatasi laini ya stensili, na kosa moja lilidai kupakwa dawa, kungojewa likauke, na kupigwa tena. Stensili ilivishwa juu ya mashine ya kurudufu, wino ukapenya mahali herufi zilipotoboa, na nakala zikatoka ukurasa mmoja mmoja. Baada ya hapo kurasa zilipangwa kwa mkono, mtu akizunguka meza akiokota moja hapa na moja pale, kisha zikabanwa kwa pini. Hakuna anayefanya kazi hiyo usiku ili aandike upuuzi. Mashine ya kurudufu ilikuwa na kasoro nyingi, lakini ilikuwa na fadhila hii, kwamba ilimpa mwandishi muda wa kujiuliza kama neno lake linastahili wino.

Walakini fadhila kubwa zaidi ya Cheche ilikuwa ni jina la mtu. Aliyeandika katika jarida hilo alijulikana. Alikutana na wasomaji wake kesho yake katika ukumbi wa chakula. Na kama alikuwa mwanafunzi, alikutana na mwalimu aliyemshambulia katika chumba cha mtihani. Jina lilikuwa dhamana. Lilimzuia mwandishi asiseme asichoweza kukitetea, na lilimpa msomaji njia ya kujibu.

Jambo hilo lilionekana hata nje ya jarida. Mnamo Desemba 1969 Rodney alihutubia semina ya vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, akasema maneno makali juu ya serikali za Afrika huru. The Nationalist, gazeti la TANU, lilimkemea kwa tahariri isiyotiwa sahihi, likayaita maneno yake hewa moto ya kimapinduzi. Rodney alijibu kwa barua yenye jina lake. Alikuwa mgeni katika nchi, tena mgeni aliyekwisha kuzuiwa kuingia Jamaica mwaka 1968 kwa ajili ya maneno yake. Alijua gharama ya kuandika jina. Hata hivyo aliliandika, na aliendelea kufundisha Mlimani mpaka mwaka 1974.

Kilele cha Cheche kilifika Septemba 1970. Toleo zima lilitolewa kwa maandishi ya mtu mmoja, Issa Shivji, kijana wa sheria aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946. Maandishi hayo yaliitwa kwa Kiingereza Tanzania: The Silent Class Struggle, yaani mapambano ya kitabaka ya kimyakimya. Hoja yake ilikuwa nzito kwa nchi iliyokuwa ikijivunia Azimio la Arusha. Aliuliza: mabenki na makampuni yakiwa mali ya taifa, ni nani hasa anayeyashika? Alionyesha kwamba makampuni ya kigeni yaliyonyang'anywa umiliki yaliendelea kuingia kwa mlango wa mikataba ya uendeshaji na ubia, na kwamba ndani ya ofisi za serikali na mashirika ya umma kulikuwa kunakua kundi la watu lenye maslahi yake, mbali na mkulima na mfanyakazi. Hakutukana mtu. Alipanga makampuni, hisa na mikataba kama wakili anavyopanga ushahidi.

Kilichofuata kinastahili kukumbukwa pengine kuliko maandishi yenyewe. Walimu walimjibu kijana huyo kwa kalamu. Rodney aliandika maoni yake. John Saul, mwalimu kutoka Kanada, aliandika yake. Tamás Szentes, mchumi wa Hungaria, naye aliandika, akikubali hapa na kukataa pale. Baadaye maandishi ya kijana na majibu ya wakubwa wake yalichapishwa pamoja katika kitabu kimoja. Katika kitabu hicho hakuna aliyeulizwa shahada yake. Mwenye hoja alipewa hoja. Kama kuna siku ambayo Mlimani palistahili kwa ukamilifu kuitwa chuo kikuu, basi ni siku zile ambazo maprofesa walikesha wakitafuta jibu la kumpa kijana wa miaka 24.

Siku hizo zilikuwa chache. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1970, mwaka mmoja tu tangu cheche ya kwanza kuruka, USARF ilipigwa marufuku na jarida likasimamishwa. Haki inataka sababu za wakubwa zielezwe kama zilivyotolewa. Walisema kwamba nchi ina chama kimoja, na Umoja wa Vijana wa TANU unatosha kuwa mahali pa siasa pa vijana wote chuoni. Walisema pia kwamba jina Cheche linadokeza itikadi iliyoazimwa ugenini, ilhali Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe. Sababu ya kwanza ilikuwa na mantiki kwa mtu aliyeamini chama kimoja. Ya pili ilikuwa dhaifu, maana cheche ni neno la Kiswahili, na moto haukuvumbuliwa Urusi.

Wahariri hawakuingia porini wala hawakugeuka waandishi wa gizani. Waliaga kwa maandishi, wakaeleza msimamo wao, wakatia majina. Mapema mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana lilianza kutoa jarida jingine, likaitwa MajiMaji, kwa kumbukumbu ya vita vya 1905 hadi 1907 walivyopigana wazee wa kusini na Wadachi. Aliyelalamika kwamba jina la kwanza limetoka ugenini hakuweza kulalamikia la pili. Na maswali yaliyoulizwa ndani ya MajiMaji yalikuwa ndugu wa yale yaliyoulizwa ndani ya Cheche.

Lakini sifa isiwe kipofu. Jarida hilo lililobeba jina la Kiswahili liliandikwa, katika sehemu yake kubwa, kwa Kiingereza. Lilizungumza juu ya mfanyakazi na mkulima, na mfanyakazi aliyekuwa karibu nalo kuliko wote, yaani mpishi wa ukumbi wa chakula, mfagiaji wa bweni, dereva wa chuo, hakuweza kulisoma. Hapana shaka waandishi wake hawakukusudia kumfungia mlango. Walikuwa wamefundishwa kufikiri kwa lugha hiyo, na walitaka kusomwa Kampala, Nairobi na Lusaka. Na kisingizio cha kwamba Kiswahili hakikuwa na nyenzo hakikuwako, kwani hapo hapo Mlimani, tangu mwaka 1964, palikuwa na chuo cha uchunguzi wa lugha hiyo. Jumuiya iliyojengwa na Cheche ilikuwa jumuiya ya kweli, lakini ilikuwa nusu ya jumuiya ya Mlimani.

Nusu nyingine ilionekana haraka mara maandishi yalipoijia kwa lugha yake. Mwezi wa Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikasema kwamba kiongozi asiwe na majivuno, ubwana wala uonevu kwa anaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma ibara hiyo, wakaihifadhi, wakawasomea mameneja wao na kuweka zana chini. Maneno machache ya Kiswahili yalifanya kazi ambayo kurasa nyingi za Kiingereza zilikuwa zimeitamani.

Mlimani nako Mwongozo ulifika. Mnamo Julai 1971 rais wa wanafunzi, Simon Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia Makamu wa Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi yenye malalamiko ya wanafunzi juu ya uendeshaji wa chuo. Barua ya wazi ni maandishi yaliyovuliwa kila kifuniko: mwandishi anajulikana, anayeandikiwa anajulikana, na wasomaji wote ni mashahidi. Jibu lililomjia halikuwa la kalamu. Polisi wenye silaha walimchukua mbele ya wenzake wakamwondoa chuoni, na wanafunzi wakagoma kuingia madarasani. Kati ya Septemba 1970, kijana alipojibiwa na maprofesa kwa hoja, na Julai 1971, kijana alipojibiwa kwa bunduki, haikupita hata miezi kumi na miwili. Msomaji anaweza kupima mwenyewe umbali uliotembewa katika muda huo.

Mlimani palikuwa pia na maandishi ya aina nyingine, nayo yalikuwa kinyume cha Cheche kwa kila hali. Kwa miaka mingi wanafunzi walibandika ukutani karatasi na katuni chini ya jina la kubuni la Mzee Punch. Ukuta huo haukuwa na mhariri wala sahihi. Mara nyingine ulichekesha, na mara nyingine uliwasema wakubwa kwa yale ambayo wengine waliogopa kuyasema. Ndiyo maana walikuwako walioutetea. Lakini mkono usioonekana hauchagui sana wa kumpiga, na aghalabu humpiga aliye karibu na asiye na nguvu. Wanafunzi wa kike ndio walioandamwa zaidi. Aliyekataa kumtii mwanamume, au aliyefaulu sana, au aliyekwenda njia yake bila kuomba ruhusa, aliweza kuamka akakuta aibu ya kutungwa imebandikwa hadharani, na wenzake wakaonywa wasikae naye. Angemjibu nani? Ukuta hauna masikio ya kusikia utetezi.

Mwezi wa Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa ameandamwa kwa njia hiyo alijiua. Wanawake wa Tanzania, ndani ya chuo na nje yake, walipaza sauti, na uongozi wa chuo ukampiga marufuku Mzee Punch. Marufuku hii na ile ya 1970 zilifanana kwa jina tu. Ile ya kwanza ilinyamazisha watu waliokuwa tayari kusimama nyuma ya maneno yao. Ya pili iliondoa kinyago kilichoua kwa maneno yasiyo na mwenyewe.

Haitakuwa haki kudai kwamba ukuta ulizaliwa na kufungwa kwa jarida. Chanzo cha uonevu kwa wanawake ni kirefu kuliko hicho. Hata hivyo wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na maneno hayo yanafaa kwa maana ambayo pengine hawakuikusudia. Mahali ambapo mtu hawezi kusema kwa jina lake bila kuhofia polisi, kusema bila jina huanza kuonekana kuwa ushujaa. Na kinyago kikishakubaliwa kwa ajili ya shujaa, mwoga naye hukivaa.

Leo mwanachuo hahitaji stensili wala wino. Akiwa kitandani mwake, kwa kidole kimoja, huandika akasomwa na chuo kizima kabla ya mapambazuko, na mwalimu wake hufanya vivyo hivyo. Taabu ya mashine ya kurudufu imekwisha, na pamoja nayo umekwisha ule muda wa kujiuliza. Cheche na ukuta vyote viwili vimo sasa katika kiganja kimoja, na haviwezi tena kutofautishwa kwa karatasi. Hutofautishwa kwa maswali matatu: mwandishi amejitaja au amejificha? Anayesemwa anaweza kujibu? Lugha iliyotumika inamfikia anayehusika? Na kwa wenye mamlaka lipo swali la nne: aliyejitaja atajibiwa kwa nini, kwa kalamu au kwa pingu?

Mwaka 2010, miaka 40 baada ya marufuku, shirika la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam lilichapisha kitabu cha kumbukumbu za Cheche, kilichohaririwa na Karim Hirji. Waliokuwa vijana walikuwa wamekuwa wazee. Zakia Meghji alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Fedha, Shivji alikuwa profesa wa Kigoda cha Mwalimu Nyerere hapo hapo Mlimani, na Rodney alikuwa ameuawa Georgetown tangu Juni 1980. Katika kitabu hicho waliokuwa sehemu ya kazi ile waliyarudia waliyoandika na kuyatenda, wakatetea mengine, wakakiri makosa katika mengine. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mwaka 1969 walikuwa wametia majina yao. Maandishi ya ukuta hayawezi kupata kitabu cha namna hiyo, kwani mtu hawezi kulitubia neno ambalo hakukubali kuwa ni lake.